Nape Nyeupe na Sufuria ya Mama Imakulata

Lac Vert, siku moja kisha Noeli. Mvua ilipita asubuhi, sasa jua linapiga mawe meusi ya kiwanja, na mawe yanatoa mvuke sawa mutu aliyetoka kuoga. Mugongo unauma. Moyo, sijui niuseme namna gani.

Niko na miaka makumi saba na saba. Volkano mbili ziliingia muji nikiwa ndani, zikaniacha. Vita nilihesabu mpaka nikachoka. Mapatroni watatu, mabwana wa kazi yangu, wamenitangulia, na meno kumi na moja. Na bibi yangu wa ndoa, Venansiya, nimemuzika pia. Hilo la mwisho sikuliomba.

Naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja. Debora, binti ya jirani yangu Mama Sifa, njo alinifungulia ukurasa huu kwenye telefone, akataka na kuniandikia. Nikamukatalia. Masomo yangu yaliisha mwaka wa tatu wa primeri, na kusoma kwenyewe nilikumalizia kwenye menu za hoteli, lakini mutu aliyebeba sahani nane kwa mukono mumoja hawezi kushindwa na kitelefone. Kama herufi zimepinda, kosa ni la kidole, si la kichwa.

Nataka kuandika juu ya meza ya jana.

Lakini kwanza mujue ni nani aliipanga.

Miaka makumi tatu na moja nilitumika kwa hoteli moja pembeni ya ziwa. Jina lake nalibakisha. Niliingia kwa kuosha sufuria, nikatoka nikiwa mukubwa wa chumba cha kulia. Niliwapangia meza mawaziri, maaskofu, wazungu wa kupanda volkano, na siku moja mutu ambaye walisema ni mutoto wa mufalme, ingawa alikula na viwiko juu ya meza sawa sisi wote. Hakuna mutu katika Goma aliyejua kupanga meza ya sikukuu kunishinda. Sijivuni. Nasema tu namna ilivyokuwa.

Nape, kile kitambaa cheupe cha meza, hakipigwi pasi pembeni halafu kikaletwa. Ni makosa. Unakitandika kwanza, unapiga pasi palepale juu ya meza, pasi ya makala ya moto, na unapuliza majivu yaende mbali. Mukunjo wa katikati lazima ukae katikati ya meza kabisa, maana yote yanapimwa kutoka pale. Katikati ikipotea, meza yote imepotea. Sahani inakaa mbali na ukingo kiungo kimoja cha kidole gumba. Kanya, ile uma, kushoto, kisu kuume, na ukali wa kisu unaangalia sahani, hauangalii jirani, kwa sababu mugeni hatishiwi. Gilasi zinageuzwa kinywa chini mpaka mugeni akae, juu ya hii vumbi nyeusi ya Goma inayoweza kuingia hata ndani ya yai.

Mahali pa mutu mumoja, na vyombo vyake vyote, tunapaita kuveri. Mbele ya kugusa nape, unauliza swali moja tu: kuveri ngapi? Na sheria ya kuhesabu ni hii: unahesabu wale watakaokaa. Mwenye kutumika hahesabiwi. Hujihesabu wewe, humuhesabu mupishi.

Hiyo sheria niliibeba kutoka hoteli nikaiingiza nyumbani kwangu. Nilifikiri naleta heshima.

Nape yangu alinipa patron wa mwisho, siku anaondoka inchi. Pamba nzito, na maua yaliyofumwa ndani ambayo huyaoni mpaka uiname. Volkano ilipoingia muji na kuchoma nyumba yetu ya kwanza, watu walikimbia na magodoro, na mbuzi, wengine na mulango wa nyumba juu ya kichwa. Mimi nilikimbia na nape ndani ya shati. Venansiya alikimbia na sufuria, ile yake kubwa ya chini nyeusi, na binti yetu wa pekee, Imakulata, akishika kitenge cha mama yake kwa nyuma. Kwenye njia ya Sake, kati ya watu wote wale, Venansiya akaniuliza:

"Papa Imaku, umeokoa nini?"

Nikafungua shati, nikamuonyesha.

Alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe. Watu walipita wakimuangalia, wakafikiri amerukwa akili. "Haya," alisema, akipangusa macho. "Wewe umeokoa meza, mimi nimeokoa chakula. Siku vitakutana, tutakula."

Tulijenga hapa Lac Vert, nyumba ya mbao juu ya mawe. Nape ikapata sanduku, sufuria ikapata jiko. Vikakaa mbali mbali, nape kwa upande wangu na sufuria kwa upande wake, miaka yote.

Kila Noeli kisha misa, nilipanga meza. Wageni nane, kumi, mara moja kumi na wanne: wazee wa kanisa, chefu wa avenue, mukubwa wa mutaa wetu, wenzangu wa hoteli, mutu yeyote aliyekuwa na shati yenye kola. Meza yenyewe ilikuwa mbao tatu za kujengea, nilizilaza juu ya makasha ya bia, lakini nape ilishuka mpaka karibu na chini na hakuna mutu aliyejua. Nilikunja serviete, vile vitambaa vya kupangusa midomo, za watu wote, kila mwaka kwa namna mupya: kofia ya askofu, ndege, ua la majini. Wageni waliogopa kuzifungua.

Mimi nilisimama nyuma ya viti, serviete juu ya mukono. Venansiya alitoka jikoni, akarudi jikoni. Hatukukaa, mimi wala yeye. Wageni walisema, "Ee, kwa Papa Kalisti ni sawa hoteli!" Na mimi nilijibu, "Si sawa. Inapita."

Mara moja tu aliniuliza. Tulikutana kwenye mulango wa jikoni, yeye na sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, akasimama kidogo, akasema polepole: "Na sisi tutakaa wakati gani?"

Nikamujibu: "Wakimaliza."

Na walipomaliza wakaenda, tulikuwa tunakaa jikoni juu ya vibao viwili vifupi, sufuria katikati yetu, makala ya mbabula, jiko letu la bati, yakikaribia kufa. Venansiya alikwangua chini ya sufuria, pale viazi vinaposhika na kuwa kahawia, akanisukumia upande wangu. Halafu akaanza kuwaigiza wageni. Namna chefu wa avenue anavyoshika kisu sawa mutu anayetaka kuandika barua. Namna bibi ya mwalimu alivyoficha mifupa ndani ya kofia ya askofu. Kucheka kwake kulikuwa na kikohozi kidogo mwishoni, kimoja tu, sawa mutu anayegonga mulango kwa adabu.

Hapa naungama kitu. Mimi, bwana wa nape, katika maisha yangu nilikula vizuri kupita siku zote mahali ambapo hapakuwa na nape.

Sikumuambia hata siku moja.

Alikufa miaka mitatu iliyopita, wakati wa kuvuna maharage. Homa ya siku tano, basi. Miguu yake ilikuwa inavimba tangu zamani, na mimi nilikuwa nasema ni baridi ya mawe.

Noeli ya mwaka ule nilipanga meza ya kushinda zote. Na kwa mara ya kwanza nikamuhesabu. Nikamuwekea kuveri kwenye kichwa cha meza: sahani ya maua, serviete ya kofia ya askofu, gilasi nikaigeuza kinywa juu sawa mutu ambaye amekwisha kukaa. Wageni walipiga mikono. Nikavimba kifua. Nikawaambia, "Munaona heshima ambayo bibi yangu anapata?"

Imakulata alikuwa amefika kutoka Bunagana, kule anafanya biashara ya vitenge pale mupakani. Alikuwa anatoka jikoni na sahani ya viazi. Mimi hata hilo sikuliona: mutoto alikuwa amekwisha kuingia mahali pa mama yake, anatoka, anarudi, hahesabiwi. Akaweka sahani chini, juu ya sakafu, si juu ya meza.

"Papa," alisema mbele ya wote, "hiki kiti kilikuwa wapi wakati miguu yake inavimba?"

Mutu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilijibu: "Meza ya nyumba hii napanga mimi."

Akachukua sakosi yake ya nguo, akaenda. Wageni waliangalia sahani zao. Na mimi, Mungu anisamehe, niliendelea kutumika. Nilimimina bia. Nilileta fromaji, ile jibini ya maziwa.

Noeli mbili hakurudi. Alituma sabuni, alituma mafuta, alituma dawa ya mugongo. Salamu alimupa Mama Sifa azilete juu ya ukuta. Telefone yangu hakuipiga, na mimi kichwa changu ni cha jiwe la volkano, sikumupigia. Nilikuwa nachukua telefone, natafuta jina lake, naliangalia. Halafu naiweka chini.

Karibu miaka mitatu naangalia jina.

Mwanzo wa mwezi huu Mama Sifa akaniita kutoka upande wake wa ukuta.

"Muzee, Imakulata amenipigia. Anasema labda atashuka kwa Noeli."

"Labda njo nini?"

"Labda ni labda, unataka nikukatie vipande? Lakini ameuliza kitu kimoja. Amesema nikuulize: kutakuwa kuveri ngapi?"

Maisha yangu yote hilo swali nililiuliza mimi. Sasa liligeuka likaniuliza. Nikajibu kwa kiburi, "Mwambie ataona mwenyewe." Kisha nikaingia ndani, nikakaa juu ya kitanda, nikahesabu kwa vidole sawa mutoto wa kazi siku ya kwanza.

Maana nilijua. Nikihesabu vibaya, atarudi Bunagana na hii mara hatatuma hata sabuni. Na miaka yangu si ya kungojea sana.

Sikualika mutu mwengine mwaka huu. Wazee wa kanisa waliuliza, nikawaambia niko na mugeni wa mbali.

Siku tatu nilifanya kazi. Nilifua nape mwenyewe, nikaianika juu ya mawe, nikakaa pembeni na fimbo kufukuza kuku. Nilienda mpaka pale mawe ya volkano yalipoishia, nikatafuta jiwe jepesi lenye matundu, nikalisugua na burashi ya meno. Hilo njo lilikuwa pambo la katikati ya meza. Ndani ya matundu makubwa niliweka mishumaa minne mifupi, na ndani ya madogo nikasukuma majani mabichi, mpaka jiwe likawa sawa kilima cha kwetu Masisi kisha mvua. Mutu wa chukudu, ile pikipiki ya mbao isiyo na mashine, aliniletea kutoka upande wa Sake maua meupe ya mabondeni, yale yenye umbo la tarumbeta. Niliyakata mafupi, ili watu waonane juu yake. Wapangaji wa siku hizi wanaweka maua marefu sawa msitu, unaongea na majani. Fromaji ya Masisi niliikata pembe tatu, nikazipanga juu ya jani la ndizi nililopangusa na mafuta mpaka likangaa. Jiwe jeusi, nape nyeupe, jani la kijani, moto mudogo. Rangi haziko nyingi. Meza ya sikukuu haipigi kelele.

Mama Sifa alikuja kuazima chumvi, akasimama kwenye mulango.

"Muzee, unapanga meza ao unapokea bibi arusi?"

"Uko na wivu, juu kwako munakula kwenye nailoni."

"Nailoni yetu inaoshwa na kitambaa. Nape yako inaoshwa na machozi." Akachukua chumvi, akaenda. Huyu mama mudomo wake ni kisu chenye kuangalia jirani.

Lakini kuveri. Kuveri ngapi?

Kwanza nilipanga tatu. Yake, yangu, ya Venansiya. Nilipofika kugeuza gilasi ya Venansiya nikasikia sauti ya binti yangu wazi: kilikuwa wapi. Nikaiondoa.

Nikabakisha mbili. Halafu nikajaribu kukaa. Munisikilize vizuri: sikuwa nimekaa kwenye meza yangu hata mara moja. Meza nilikuwa naijua kutoka juu, mutu akisimama. Kutoka chini sikuitambua. Gilasi zilikuwa ndefu, maua yalikuwa karibu na uso, magoti yakagonga mbao. Nikaruka sawa mwizi aliyesikia mbwa.

Nikaiondoa na yangu.

Ikabaki moja. Nikasema, hii njo jibu. Nitamutumikia Imakulata sawa waziri. Nitasimama nyuma ya kiti chake kutoka mwanzo mpaka mwisho, na miguu yangu iume sawa ya mama yake ilivyouma. Atakaa, ataona, ataelewa. Nilijipongeza. Nilisema, Kalisti, hata katika kuomba musamaha unawapita wote.

Nilipika pia, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Nyama ya mbuzi na viazi, ndani ya sufuria ya Venansiya. Mama Sifa alinielekeza kutoka kwenye ukuta kwa sauti kubwa, avenue yote ikajua ni wakati gani nilitia kitunguu. Ningependa kusema nilipika vizuri kupita wapishi wa hoteli. Chumvi ilizidi.

Jana kisha misa nilivaa koti jeupe la zamani. Kifungo kimoja kinakataa sasa. Nikawasha mishumaa, nikasimama.

Saa sita hakufika. Basi ya kutoka Rutshuru inajulikana, ikichelewa imechelewa. Saa saba. Vumbi ilikuwa inaingia kupitia mbao. Niligeuza gilasi, nikaipangusa, nikaigeuza tena. Mvua ikaanza kupiga mabati. Nikazima mishumaa isiishe. Nikaangalia ile sahani moja pale peke yake, na mara ya kwanza nikaona inafanana na kitu gani. Inafanana na mimi hapa ndani kila siku. Ila sikuelewa. Nilifikiri huzuni ni ya mvua tu.

Saa nane na nusu pikipiki ikasimama mbele ya kiwanja.

Aliingia ameloa, udongo mpaka magotini, sakosi juu ya kichwa. Amekonda. Amechukua ile namna ya mama yake ya kuinamisha shingo akiingia, hata pale ambapo mulango ni murefu.

"Bone fete, Papa."

"Bone fete, mutoto wangu, Noeli njema."

Nikawasha mishumaa haraka, kiberiti kikavunjika mara mbili. Nikamuvutia kiti. Hakukaa. Alisimama akiangalia meza: jiwe, maua, jani, serviete. Mimi nilikuwa nangojea sifa. Ni aibu kuandika lakini hapa siongopi. Miaka hii yote bila binti yangu, na nilisimama pale nangojea aseme ni muzuri.

"Kuveri moja," alisema.

"Moja. Ya kwako."

Akagusa mugongo wa kiti. Maji yalikuwa yanatoka kwenye kitenge chake yakianguka juu ya sakafu, tone moja, tone ingine.

"Papa, umenifanya mugeni."

Akageuka, akatoka ndani ya mvua.

Nilibaki na serviete juu ya mukono. Sikumufuata. Hoteli ilinifundisha kwamba mugeni akitoka hafuatwi, unakunja serviete yake vizuri, unangojea. Nikaikunja. Nikafikiri, basi, imekwisha, sasa nitasikia pikipiki.

Sikusikia pikipiki.

Nikasikia mulango wa jikoni, halafu vyuma, halafu akarudi. Ameshika sufuria na vitambaa viwili, mvuke juu ya uso wake, vijiko viwili vya jikoni vimebanwa kwenye kwapa.

"Papa, ondoa jiwe."

"Imaku, hiyo sufuria chini ni nyeusi."

"Naijua namna ilivyo chini. Niliiosha miaka kumi na tano. Ondoa jiwe."

Nikaondoa jiwe. Mishumaa ikazimika yote.

Akaiweka sufuria katikati ya nape. Nilisikia ile sauti ndogo ya joto likigusa kitambaa kilicholowa kidogo na maji ya kitenge chake, na nilifunga macho. Nape ambayo ilipita ndani ya volkano. Nilipofungua, alikuwa ameondoa sahani, na gilasi, na ile kofia ya askofu niliyoikunja mara saba. Akavuta kiti cha pili kutoka kwenye ukuta, akakipiga kwa mukono kutoa vumbi.

"Kaa."

"Kuveri yangu haiko."

Akanisukumia kijiko.

"Kaa, Papa. Wamemaliza."

Nilikaa.

Sikujua kama siku zile alikuwa akitusikia. Alikuwa mutoto mudogo, tulifikiri amelala pale pembeni ya magunia ya makala, na sisi tunasema pale kwenye mulango. Kumbe alikuwa akisikia. Hilo neno, wakimaliza, alilibeba muda wote huo.

Tulikula ndani ya sufuria, yeye upande wake, mimi upande wangu. Alisema, "Chumvi." Nikasema, "Najua." Mvua ilipiga mabati mpaka hukuweza kusema neno refu, na ilikuwa vizuri hivyo. Alipofika chini akaanza kukwangua. Akanisukumia ile ya kahawia, bila kuniangalia. Kisha akasimama, akaweka kitambaa cha jikoni juu ya mukono, akatoa kifua mbele, kidevu juu, akatembea kuzunguka meza sawa bata aliyemeza fimbo. Alikuwa ananiigiza mimi. Hakuna mutu aliyewahi kuniigiza mbele yangu.

Nilicheka. Yeye pia alicheka, na mwishoni kikatoka kikohozi kidogo, kimoja.

Nikaangalia chini, juu ya nape, muda murefu.

Ndipo nikauliza. Miaka mitatu nilikuwa naogopa kuuliza. "Mama yako alikuwa anachukia zile Noeli?"

Imakulata alitafuna kwanza. "Alikuwa anasema: baba yako anapenda wageni waje, mimi napenda waende."

"Alikuwa anasema akicheka?"

"Mara ingine akicheka. Mara ingine akifunga miguu na kitambaa cha maji moto." Akaweka kijiko. "Sijui, Papa. Na mimi sikumuuliza."

Basi tuko wawili wasiojua.

Asubuhi hii Mama Sifa alikuja na ndimu na majivu, anataka kuniosha nape. Pale katikati kuna duara nyeusi, kubwa sawa sufuria, na pembeni yake rangi ya kahawia pale joto lilipoishia. Nilimufukuza na ndimu zake. Halafu nikainama, nikapima kwa kidole gumba kutoka kila ukingo, pande zote ine. Iko katikati kabisa. Imakulata hakupima kitu, aliweka tu.

Kesho anarudi Bunagana, biashara haingojei. Amesema Pasaka atashuka. Hakusema labda. Nitatandika hii nape ilivyo, duara juu, na nitahesabu kuanzia jikoni.

Lakini Venansiya, nakuuliza hapa, maana kwenye kaburi nilishindwa: ulitaka waende kwa sababu ya kuchoka, ao ulitaka waende ili tukae? Mimi nilikuwa nataka waende. Nilikuwa nasimama pale na serviete juu ya mukono, kifua mbele, na ndani nilikuwa nahesabu sahani zilizobaki mbele ya mimi kuja kwako jikoni. Ningekuambia. Ilikuwa hatua kumi tu kutoka meza mpaka jikoni.

Kama mutu anasema Kalisti anaongopa sawa kawaida yake, amuulize Mama Sifa. Aliona yote kutoka kwenye ukuta, akijifanya anaanua nguo ambazo mvua ilikuwa imekwisha kuzimaliza. Amuulize Imakulata, niko namusikia jikoni, anakwangua sufuria kwa mchanga na anaimba vibaya sawa mama yake. Na kama wanawake wawili hawamutoshi, aje hapa Lac Vert, aingie, aangalie meza. Haijaoshwa.